Siku ya Uelewa Kuhusu Kuumwa na Nyoka inakuja tena, na kwenye friji yetu hakuna hata kichupa kimoja cha dawa ya sumu ya nyoka!

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu na nauandika nikiwa na hasira. Asiye na muda apite tu, ila mods nawaomba msiuunganishe na zile nyuzi za vichekesho vya nyoka. Hili si jambo la kuchekea.

Leo mchana umeingia ujumbe kwenye grupu letu la wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Maandalizi ya tarehe 19 Septemba yameanza, siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu kuumwa na nyoka. Tunatakiwa tuandike saizi zetu za fulana. Nimeusoma ujumbe ule mara tatu nikiwa kwenye benchi nje kwa mama. Mbele yangu alikaa mdogo wangu wa mwisho, anazungushia kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye ncha ya gongo lake, maana mpira wake ulishalika na gongo linateleza kwenye sakafu.

Ana miaka 21. Mguu wa kulia umekatwa chini ya goti. Ni nyoka huyo huyo tunayetaka kumvalia fulana.

Ilikuwa msimu wa mavuno, giza linaingia, anatoka shamba na kandambili zake. Alikanyaga kifutu, moma kama wengine mnavyomwita. Wanaoishi porini wanamjua: hakimbii ukikaribia, analala pale pale njiani, na kwenye majani makavu humwoni mpaka umeshamkanyaga. Nilifika nikamkuta mama ameshashika wembe na kitambaa cha kufunga. Nilimnyang'anya. Kazi yangu ndiyo hiyo na nilifundishwa vizuri: usichanje, usinyonye, usikaze kamba, mlaze mgonjwa, mguu usicheze, mkimbize kituoni. Mguu nikaufunga kwenye mpini wa jembe kwa kanga ya mama. Tukapanda bodaboda watatu, yeye katikati, analia kama mtu aliyewekewa kaa la moto kwenye nyama.

Zahanati tulimwamsha nesi. Dada wa watu hakununa, akafungua friji ya chanjo na kunimulikia kwa tochi ya simu. Chanjo za watoto zimepangwa safi kabisa, kipimajoto kinasoma vizuri. Sindano ya sumu ya nyoka haikuwepo. Akaniambia tangu aripoti pale hajawahi kuiona, wala aliyemkabidhi ofisi hakuwahi kuiona. Tukaenda kituo cha afya, hakuna. Hospitali tulifika alfajiri. Mguu ulikuwa umevimba hadi pajani, ngozi imekuwa nyeusi na malengelenge yana damu. Pale kichupa kilikuwepo kimoja, na kilishapita muda wake wa matumizi.

Daktari akasema tuanze na vichupa vinne na huenda tukahitaji zaidi. Duka la dawa mjini walikuwa navyo viwili, kila kimoja kwa bei ya magunia mawili ya mahindi. Mama aliuza mbuzi kwa simu. Vilipopatikana vingine, sumu ilishakula nyama. Sindano ile inaizuia sumu isiendelee, lakini nyama iliyokwisha kufa haiwezi kuirudisha. Siku ya tisa wakakata.

Sitaji kijiji wala hospitali, na naomba msiniulize. Wale wauguzi na daktari walihangaika na sisi kuliko hata ndugu zetu wengine. Ninaowadai wako juu zaidi.

Maana huko juu kila kitu kimeshaandikwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikuwa limeiweka ajali ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele mwaka 2009, likaitoa 2013, likairudisha Juni 2017 kwenye kundi la juu kabisa. Mei 2018, mkutano mkuu wa afya wa dunia pale Geneva ukapitisha azimio, Costa Rica na Colombia wakiwa mstari wa mbele. Mei 2019 ukatoka mkakati: kupunguza kwa nusu vifo na ulemavu utokanao na nyoka ifikapo 2030. Hesabu za gharama zikapigwa, dola milioni 136 hivi. Wellcome, taasisi ya Uingereza inayofadhili utafiti wa afya, ikatangaza pauni milioni 80 kwa ajili ya utafiti wa tiba. Kofi Annan, Mungu amrehemu, miaka yake ya mwisho alilipigia kelele jambo hili.

Mimi siyapingi hayo hata kidogo. Niliposoma azimio lile nilifurahi, nikawaambia watu kijijini kwamba sasa dunia imetuona. Niliwaahidi. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, maana mimi ndiye niliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia waache mganga waje kituoni. Wamekuja. Wanakuta friji tupu.

Takwimu za WHO zinasema kila mwaka watu wapatao milioni 5.4 wanaumwa na nyoka, na kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa. Wanaobaki na ulemavu wa kudumu au kukatwa viungo ni kama mara tatu ya hao wanaokufa. Mdogo wangu yumo humo. Au pengine hayumo, sijui nani alimhesabu. Anayefia nyumbani kwa mganga haandikwi popote, na nyoka anauma zaidi kule kusikokuwa na daftari: wakulima, wafugaji, watoto wanaookota kuni. Hao hawana wa kuwasemea kwenye kikao chochote.

Sasa nieleze kwa nini sindano haipo, maana kuna watu humu wataandika "ni uzembe wa wauguzi". Hapana.

Dawa hii inatengenezwa kwa namna ambayo haijabadilika sana tangu miaka ya 1890, enzi za Mfaransa Albert Calmette. Nyoka hai anakamuliwa sumu. Farasi anadungwa sumu hiyo kidogo kidogo kwa wiki nyingi mpaka damu yake ijenge kinga, kisha kinga ile inavunwa kwenye damu na kusafishwa. Ni kazi ndefu na ya gharama. Na lazima sumu iwe ya nyoka wa kwenu, kwa sababu dawa iliyotokana na nyoka wa Asia haimjui kifutu wala koboko. Ghana waliwahi kuletewa dawa mpya ya bei nafuu, kumbe ilitengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Asia. Vifo vikaruka kutoka wagonjwa wasiofika 2 katika kila 100 hadi 12. Watu walifika hospitali, wakadungwa, wakafa na sindano mkononi.

Dawa iliyokuwa inaaminika Afrika ilikuwa Fav-Afrique ya Sanofi, kampuni ya Ufaransa. Ilikuwa inashughulikia aina 10 za nyoka wetu. Wakaacha kuitengeneza kwa sababu haiwalipi, na shehena ya mwisho muda wake uliisha Juni 2016. Hebu linganisha tarehe hizo. Dawa imekwisha 2016, azimio limekuja 2018. Mkakati 2019. Mpaka leo kuna zahanati ambazo hazijawahi kuona kichupa.

Haiwalipi kwa sababu gani? Kwa sababu anayeumwa ni yule mwenye kandambili. Hana hela, kwa hiyo hospitali inaagiza vichache. Vikiwa vichache kiwanda kinapandisha bei. Bei ikipanda, wananunua ile ya bei rahisi isiyofaa, mgonjwa anakufa, watu wanakata tamaa na kurudi kwa mganga. Wakirudi kwa mganga daftari la hospitali linaonyesha hakuna wagonjwa wa nyoka, na mtu wa manunuzi akiangalia daftari anasema hakuna haja ya kuagiza. Mzunguko huo nimeuona kwa macho yangu. Fomu ya maombi ya zahanati yetu ilijazwa robo mwaka baada ya robo mwaka, na jibu lilikuwa kwamba mahitaji ni madogo.

Ndugu zangu, kalenda ya afya ya dunia naijua kwa kichwa, ni kazi yangu. Januari 30 magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Machi 24 kifua kikuu. Aprili 7 siku ya afya, Aprili 25 malaria. Mei wakubwa wanakaa Geneva. Septemba nyoka, na siku chache baadaye kichaa cha mbwa, huku marais wakiwa New York. Oktoba kuna mkutano mkubwa wa afya Berlin. Desemba 1 Ukimwi. Kwenye malaria naona faida yake, nasema kweli: vyandarua vinakuja, vipimo vya haraka vipo, dawa mseto ipo hata zahanati. Siku ile ikifika tunakuwa na kitu mkononi cha kumpa mtu. Ukimwi hivyo hivyo, dawa zipo. Kwenye nyoka tunapewa kipeperushi. Kipeperushi kinasema "wahi kituo cha afya". Niwahi nikapewe nini?

Mwaka jana siku hiyo nilisimama mbele ya watu uwanjani na kipaza sauti, nikasoma nilichopewa nisome. Mama mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwanangu, hiyo sindano siku hizi ipo?" Mgeni rasmi alikuwa amekaa nyuma yangu. Nilijibu kwamba serikali na wadau wanalifanyia kazi. Nilimdanganya mama yule, na nimebeba aibu hiyo mpaka leo. Sitarudia.

Ninachotaka ni hiki. Yeyote anayekwenda kwenye vikao hivyo kwa niaba yetu, awe wa wizara, awe wa shirika, akisimama kutoa ripoti ya utekelezaji aulizwe vituo vingapi nchini kwake vina dozi kamili leo, si semina ngapi zimefanyika. Dozi kamili, si kichupa kimoja cha kupigia picha. Na ieleweke kwamba mtoto anapewa dozi ile ile ya mtu mzima, kwa sababu nyoka hampunguzii mtoto sumu. Dawa za unga zisizohitaji friji zipo duniani, zinunuliwe hizo kwa vijiji visivyo na umeme. Nchi zetu ziagize kwa pamoja ili kiwanda kijue kuna mteja wa uhakika, maana kila mmoja akinunua vichupa ishirini hakuna kiwanda kitakachosimama kwa ajili yetu. Na mgonjwa asidaiwe hela mlangoni. Mbuzi wa mama yangu walikuwa ada ya shule ya mtoto wa dada yangu.

2030 si mbali. Nusu ya vifo haitapungua kwa fulana.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu, nashukuru mliotoa pole.

Kwa ndugu aliyeandika kwamba jiwe jeusi la nyoka linatosha: ndugu yangu, nakuomba kwa heshima zote usiwaambie watu hivyo. Jiwe lile ni mfupa uliochomwa. Linaonekana kufanya kazi kwa sababu mara nyingi nyoka anauma bila kutoa sumu, au anayeuma hana sumu kabisa, na mtu angepona hata bila kitu. Akiuma koboko, kinachomuua mtu ni kushindwa kupumua, na jiwe halipumulii mtu. Muda unaopotea na jiwe mguuni ndio muda wa kufika hospitali.

Kwa aliyeuliza kwa nini tunawalilia wazungu wakati farasi tunao: nakuunga mkono. Kusini mwa Sahara kiwanda cha siku nyingi kiko Afrika Kusini, na kikiyumba nchi nyingi zinayumba nacho. Nyoka tunao, wataalamu wa kuwakamua tunao. Hilo lilitakiwa kuwa ajenda ya wakuu wetu wa afya kabla ya kupanda ndege.

Na kwa mliosema mko Kenya, Kongo na Burundi na hali ni hiyo hiyo: naomba kitu kimoja. Kesho nendeni kituo cha karibu, muulizeni muuguzi kwa adabu kama sindano ya sumu ya nyoka ipo, ni vichupa vingapi, na muda wake unaisha lini. Andikeni hapa wilaya tu, msitaje jina la kituo wala la muuguzi, tusije tukawaponza. Mimi naanza: wilaya yetu, vituo vitatu nilivyouliza kwa simu jioni hii, sifuri, sifuri, na kimoja vichupa viwili vinavyoisha muda mwezi ujao.

Saizi yangu ya fulana sijaituma. Kwenye grupu nimeuliza tu sindano zitafika lini. Sasa ni saa nne usiku, ujumbe umesomwa na watu arobaini na tatu, na hakuna aliyejibu.