Tupeane uzoefu: mnawapaje watoto antibayotiki za maji mpaka dozi inaisha?

Mama Pacha:
Habari za saa hizi wapendwa. Mdogo wao pacha ana mwaka na nusu, sikio lilikuwa linatoa usaha tukaenda hospitali, dokta kampima uzito, kaangalia sikio na kitochi chao kile, kaandika amoxicillin ya maji kutwa mara tatu siku saba. Ni ile ya unga, maji unatia mwenyewe nyumbani. Sasa kasheshe, mtoto akiona chupa tu anabana meno, ukifanikiwa kumtilia anakuangalia halafu anatema yote kwenye gauni lako. Sitaki kumkaba pua kama tulivyofanyiwa na bibi zetu. Waliopitia haya karibuni, kuanzia kuchanganya, kupima, kunywesha, masaa, kuhifadhi, najua wengi mnasoma kimya kimya.

Baba K:
Achana na kijiko, nunua bomba la sindano la mil 5 (mililita tano), sindano yenyewe unaitoa unaitupa na kale kakifuniko kadogo pia tupa kabisa asije akakameza. Mtoto mkalishe mapajani, kichwa kisilale nyuma, ncha ya bomba iende pembeni ndani ya shavu, unasukuma kidoogo anameza, unasukuma tena. Ukimpiga nayo moja kwa moja kooni atapaliwa na dawa inaweza kuingia njia ya hewa, hiyo ndo hatari ya kukaba pua mama, umefanya vizuri kukataa. Halafu kuhusu vijiko, siku moja kwa udadisi tu nilipima vya kwetu kwa bomba, kimoja kinabeba mil tatu na ushee kingine kinapita sita, na vyote tunaviita vya chai!!

Mtu wa Dirishani:
Nafanya kazi famasi, ngoja niongee kuhusu kuchanganya maana wateja wengi wanaondoka na chupa mkononi kabla sijamaliza sentensi. Maji yachemshwe yapoe KABISA, ya moto au vuguvugu hapana, yanaharibu dawa. Kabla ya kutia maji gonga gonga chupa unga uachie chini. Tia maji kama nusu hivi, funga, tikisa mpaka hakuna donge, subiri povu litulie ndo uongeze hadi kwenye mstari au mshale, tikisa tena. Watu wanajaza mara moja, povu linafika kwenye mstari wanadhani tayari, kumbe maji ni pungufu na dawa inakuwa kali kuliko ilivyoandikwa. Na kila unapompa tikisa kwanza, dawa inakaa chini, usipotikisa mwanzo anakunywa maji matamu na mwisho wa chupa anakunywa dozi nzito. Andika tarehe uliyochanganya juu ya chupa kwa kalamu, ile tarehe ya kuexpire ya kiwandani ni ya unga mkavu. Ukishatia maji nyingi ni wiki moja hadi mbili, soma karatasi yake. Ila zile zenye amoxicillin na clavulanate pamoja zinataka friji na siku saba basi.

Mama Shamba:
Friji tunaliona mjini huku hamna hata nguzo ya umeme 😂 zahanati kwetu nesi alinipa amoxicillin ya vidonge vya kuyeyusha, unaweka kwenye kijiko chenye maji safi kidogo au maziwa yako uliyokamua, kinayeyuka chenyewe unampa hapo hapo. Mwanangu alikuwa na nimonia, anapumua mbio mbio, alipewa asubuhi na jioni siku tano. Hakuna cha kupima wala kuchanganya chupa nzima. Mnaokaa mbali na umeme ulizeni hivyo vidonge, mi siku hizi ndo naviomba.

Mwana wa Likoni:
Mie wa Mombasa. Angalieni namba kwenye chupa jamani, hili halisemwi. Mwanangu aliandikiwa mil 5 za ile ya 125, dukani 125 imekwisha wakanipa ya 250, boksi lafanana rangi ni ile ile. Nikamuuliza yule kijana, sasa hizi mil 5 bado ni mil 5? Akashtuka, akakata akaandika mil 2 na nusu. Maana 125 ni miligramu zilizo ndani ya kila mil 5, ikiwa 250 nguvu ni mara mbili. Ndo maana hata chupa ya mtoto wa jirani usiazime, uzito si mmoja na dawa yenyewe huenda si moja.

Dada Mkubwa:
Kuhusu masaa, mara tatu si asubuhi mchana jioni ukimaliza saa kumi na mbili unalala. Ni kama kila baada ya masaa nane. Sisi tunatumia saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku, ya usiku anakunywa kashalala nusu namuinua tu akae. Nimebandika karatasi ukutani, anayempa awe mimi au dada wa kazi anaweka tiki, vinginevyo mnampa mara mbili kila mtu akidhani mwenzake hajampa. Mkisahau mpe mkikumbuka, ila kama muda wa nyingine umekaribia ruka, usimrundikie mbili.

Kaka Mjuaji:
Mi mtoto akichangamka siku ya tatu naacha, inayobaki naiweka akija kuumwa mafua tunaendelea nayo. Mbona wazima.

Mtu wa Dirishani:
@Kaka Mjuaji mafua mengi ni virusi, hiyo dawa haiyagusi. Na hiyo chupa yako ya mwezi uliopita ilishapoteza nguvu. Homa kushuka maana yake wadudu wamepungua, waliobaki ukiwaachia ndo mwezi ujao unakuja dirishani kwangu unasema "amoxi haimfanyi kitu, nipe kali zaidi". Siku alizoandika dokta zikiisha na dawa ikabaki chupani, mwaga.

Mama Nasri:
Je akitapika? Wangu anatapika dakika tano baada ya kunywa.

Mtu wa Dirishani:
Ndani ya nusu saa na dawa umeiona imetoka, kwa kawaida unarudia mara moja, ila piga simu ulikoipata uthibitishe. Ikipita hapo usirudie. Anayetapika kila kitu, hanyonyi, kalegea, ana degedege au kifua kinabonyea ndani akivuta hewa, mpeleke hospitali sasa hivi. Kuharisha kidogo kunatokea sana na hizi dawa, mpe maji na ORS, ila ukiona damu rudi. Midomo au uso ukivimba, vipele vya ghafla, anakoroma akipumua, hiyo ni aleji, acha dawa kimbiza mtoto, na baadaye waandike jina la dawa kwenye kadi ya kliniki.

Mama Nasri:
Asante. Yake ni clarithromycin, niliiweka friji imekuwa nzito kama uji.

Mtu wa Dirishani:
Hiyo haiwekwi friji, inaganda na kuwa chungu zaidi, pengine ndo anaitapika. Rudi nayo famasi wakupe nyingine, uiweke kabatini mbali na jua na mbali na mikono yake.