Mafuriko miaka mitatu mfululizo Vermont, halafu Washington inatushitaki sisi!

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha.

Tulioko huku Vermont, jimbo dogo la Marekani, tunaijua Julai 10. 2023 mafuriko, 2024 mafuriko, 2025 mafuriko, tarehe ileile. Ya 2023 Mto Winooski ulimeza mashamba ya Intervale, pale Burlington, wanakolima hata ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi. Maji yalipopungua lengalenga, mboga yetu ya majani, lilikuwa bado limesimama, limepakwa tope mpaka juu. Lakini huli wala huuzi: maji ya mafuriko yanabeba kinyesi na mafuta ya magari, kilichoguswa chote kinatupwa. Msimu umekwisha hivyo, na huku theluji haikusubiri upande tena.

Jimbo halikukaa kulia. Mei 2024 likapata sheria ya kwanza ya aina yake Marekani nzima: makampuni makubwa ya mafuta, gesi na makaa ya mawe, yale ambayo bidhaa zao zimetoa zaidi ya tani bilioni 1 za hewa ya ukaa kati ya 1995 na 2024, yachangie hasara, kila moja kwa sehemu yake. Pesa ziende kwenye makalavati, madaraja na nyumba za mabondeni. Hata Gavana Phil Scott, Mrepublican, hakuizuia. Aliiacha ipite bila saini yake.

Aprili 2025 Trump akamwamuru Mwanasheria Mkuu azisake sheria za majimbo kama hii. Mei 1 serikali kuu ikatufikisha mahakamani, sisi na New York siku moja. Hawaii na Michigan walishitakiwa jana yake, kosa lao ni kujiandaa kuyashitaki makampuni ya mafuta!

Na hoja yao ndiyo inayonichoma. Mahakamani wanasema hewa ya ukaa ni kazi ya serikali kuu chini ya Sheria ya Hewa Safi, jimbo lisiguse. Julai mwaka huohuo EPA, mamlaka yao wenyewe ya mazingira, ikatangaza inataka kufuta uamuzi wake wa 2009 kwamba gesi hizi zinadhuru watu, ikidai sheria hiyohiyo haiipi nguvu ya kuzidhibiti kwenye magari. Yaani wao hawataki kuishika, na mwingine akiishika anashitakiwa. Huu ni uonevu mtupu.

Msiniambie tusubiri msaada wa FEMA, shirika la maafa la serikali kuu. Vermont iliomba kwa mafuriko ya Julai 2025, Oktoba ikakataliwa. Tudai wachafuzi, haramu. Tuombe serikali, hapana. Kalavati litajengwa na nani? Ni kodi zetu hizi hizi, na za wazee wanaolima Intervale.

Mlioko Maine, Massachusetts na New Jersey, na hasa mnaopiga kura: mmeshamuuliza mwakilishi wenu wa jimbo anasimama wapi kuhusu sheria kama hii? Kawajibu nini?