Mbolea ya ruzuku: ni ya mwenye shamba ama ya anayelima?

MkulimaKwanza: Watu wa Trans Nzoia nisaidieni. Nimekodi ekari 3 huku eneo la Kwanza, huu mwaka wa tatu. Kwenda kwa chifu kujiandikisha naambiwa hizo ekari ziko tayari kwa jina la mwenyewe, na mwenyewe anakaa Nairobi, sijawahi kumwona na jembe. Vocha ya kuchukulia mbolea ya ruzuku ikaingia kwa simu yake. Mbolea ya 2,500 kwa gunia akachukua yeye, mimi nikanunua dukani kwa bei ya duka. Sasa hii ruzuku ni ya udongo ama ni ya mtu anayelima?

Jembe_Kali: Ni ya anayelima, hapo hakuna mjadala. Lakini pia tuambiane, hawa wa ekari moja moja wanachukua magunia asubuhi, jioni yako kwa dalali.

MamaNekesa: Jembe koma kabisa. Wa ekari moja ndio mimi. Niliamka saa kumi usiku nikapiga foleni pale depo na mtoto mgongoni, saa nane mchana ndio napewa magunia yangu 2, boda akanitoza 300 kila gunia mpaka nyumbani, alafu unasema niliuza? DAP, hiyo mbolea ya kupandia, niliweka na kifuniko cha soda, shimo kwa shimo, mpaka vidole vikachubuka.

Jembe_Kali: Mama sijakutaja. Mtoto akirudishwa nyumbani juu ya karo na dalali amesimama hapo na pesa mkononi, mtu anauza. Hata simlaumu sana.

MamaNekesa: Ulisema "hawa". Hawa ni nani kama si sisi?

Kitale_Boy: Jembe ako sawa hata mkikasirika. Na wewe MkulimaKwanza si ungekubaliana na mwenye shamba mambo ya vocha kabla utoe pesa ya kukodi

MkulimaKwanza: Nikimsumbua na vocha, msimu ujao anampatia mwingine. Wewe umewahi kodi shamba kweli?

Kitale_Boy: Baba yangu ana shamba.

MamaNekesa: Nilijua tu.

MzeeEndebess: Nyinyi vijana mnasahau haraka. Mwaka 2022 DAP dukani ilipita 6,000, watu wakapanda bila mbolea, mahindi ikatoka kama vidole. Serikali ikaleta ya 2,500 ndio tukapumua.

Kitale_Boy: Ilianza na 3,500 mzee, Septemba 2022. 2,500 ni ya 2023.

MzeeEndebess: Hata ikiwa hivyo, tulipumua.

Cherangany_1: Na ile mbolea feki ya ruzuku ya 2024 mbona mnaipita? Wabunge wakapiga kura waziri wa kilimo atoke, kamati yao ikasema madai hayajathibitishwa, akabaki ofisini. Mimi mahindi iligeuka njano ikiwa magotini, nikiponda punje za ile mbolea kwa kiganja ni vumbi tupu. Afadhali hiyo pesa tupewe kwa simu kila mtu ajinunulie.

Jembe_Kali: Ukipewa pesa si itaisha kabla mvua inyeshe

MamaNekesa: Ya nani itaisha? Unaanza tena?

MkulimaKwanza: Jameni, mimi napanda wiki ijayo na sina hata gunia moja ya kupandia. Kuna mtu amewahi kufanya chifu abadilishe jina?

Jembe_Kali: Mama Nekesa, samahani. Lakini dalali nilimwona, na alikuwa na lori.