Orodha ya masasisho ya XP kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa: njia ipi ina nafuu?

Kisu_Butu
Wakuu, habari za saa hizi. Nina kompyuta inayoendesha mashine ya vipimo, Windows XP SP3 ya Kifaransa, na programu ya hiyo mashine haitaki mfumo mwingine. Intaneti haina na haitaunganishwa. Nimepata orodha safi ya XML ya masasisho yake, kila mstari una jina, namba ya KB (utambulisho wa sasisho la Microsoft) na kiungo cha kupakulia, tatizo ni ya Kiingereza. Nataka niigeuze. Naona njia tatu: kubadilisha ENU (alama ya Kiingereza) kuwa FRA (ya Kifaransa) kwa mkupuo kwenye Notepad, kuiachia WSUS Offline Update, programu ya kukusanya masasisho, initafutie viungo, au kwenda Microsoft Update Catalog, tovuti ya Microsoft ya masasisho, niokote kimoja kimoja. Ungekuwa wewe ungeanza na ipi?

mzee_wa_seva
Ya kwanza itoe kwenye hesabu, mkuu. Tafuta kwenye orodha yako KB4012598, kile kiraka (sasisho la usalama) Microsoft walichowatolea watu wa XP Mei 2017 wakati wa virusi vya WannaCry, miaka mitatu tangu huduma ya XP ifungwe. Jina lake ni hili:

windowsxp-kb4012598-x86-custom-enu_eceb7d5023bbb23c0dc633e46b9c2f14fa6ee9dd.exe

Angalia huo mkia. Herufi na tarakimu 40. Ni SHA-1 ya faili lenyewe, alama yake ya kidole. Faili la Kifaransa lina maandishi tofauti ndani, basi na alama yake ni tofauti. Ukiandika fra ukabakiza mkia wa Kiingereza unaomba kitu ambacho hakijawahi kuwekwa pale, seva itakurudishia 404 (faili halipo) na haki yake. Viungo vya download.microsoft.com navyo vina msimbo mrefu katikati ya anwani, ambao huwezi kuukisia kwa kuangalia wa lugha nyingine.

Zuhura_K
Mzee kasema kweli kuhusu mkia, lakini mimi naona swali la njia limekuja mapema. Chambua orodha kwanza. Si kila mstari una lugha! Viraka vya .NET vyenye majina yanayoanza na NDP, DirectX ya Juni 2010, kifaa cha kuondoa virusi cha KB890830, hivyo ni vya lugha zote. Viache vilivyo. Kinachokuhusu ni yale yanayoanza na WindowsXP-KB, pamoja na IE8 (Internet Explorer 8) na viraka vyake. Kazi itapungua na utajua unapambana na nini.

Na usitegemee kutafuta neno "enu" peke yake. Windows Media Player 11 ya Kiingereza inaishia na enu, ya Kifaransa inaishia na FR-FR. Nani aliamua hivyo, Mungu anajua.

(Mwenye Vista au mpya kuliko hiyo asisumbuke na uzi huu. Kuanzia Vista viraka vya mfumo havibagui lugha.)

bati_na_waya
Mimi nasimama upande wa WSUS Offline. Ndani ya folda ya static kuna mafaili ya maandishi ya viungo, yametengwa kwa mfumo na lugha, na folda ya custom ni ya kuongeza vya kwako. Vingine inavichomoa yenyewe kwenye wsusscn2.cab, faili la Microsoft la kukagua kompyuta zisizo na mtandao. Hukopi kitu kwa mkono. Kwa mtu mwenye mashine nyingi za lugha mbalimbali, sioni cha kushindana nayo.

mzee_wa_seva
@bati_na_waya ingekuwa Windows 7 nisingebisha. Lakini matoleo mapya ya hiyo programu yaliiondoa XP, kwa hiyo jamaa itabidi atafute toleo la zamani, na viungo vyake ni vya zamani vilevile. Kumbuka Agosti 2020 Microsoft waliondoa kwenye Download Center mafaili yaliyotiwa sahihi kwa SHA-1. XP iliumia sana hapo. Toleo la zamani litakupa orodha ya majina, hilo ni jambo la maana, ila usishangae nusu ya safari ikiishia kwenye ukuta.

bati_na_waya
Hapo sina ubishi. Basi itumie kama kielelezo cha kujua nini kinatakiwa, viungo avichukue Catalog.

jirani_wa_root
Samahani naingilia. Mimi XP yangu inaonyesha Kiswahili, ile ya menyu zilizotafsiriwa. Nami natafuta orodha ya Kiswahili?

Zuhura_K
Hapana jirani, na swali lako limenifanya nimuulize Kisu jambo ambalo tulipaswa kuanza nalo. Kiswahili cha XP ni ngozi tu inayokaa juu ya mfumo wa Kiingereza. Viraka vyako ni ENU, basi.

@Kisu_Butu, una uhakika Kifaransa chako si ngozi pia? Kuna XP Professional ya MUI ambayo makampuni yalikuwa yakinunua. Mtumiaji anaona Kifaransa kila mahali, kumbe chini ni Kiingereza. Macho hayatakuambia. Fungua regedit (programu ya kusoma mipangilio ya ndani ya Windows), nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Nls\Language, usome thamani ya InstallLanguage. Ikiwa 0409, mfumo wako ni wa Kiingereza na hiyo orodha uliyonayo inatosha bila kuguswa herufi. Ikiwa 040C, ni Kifaransa halisi.

mzee_wa_seva
Hii safi sana. Uzuri ni kwamba ukikosea lugha kiraka hakiingii kimyakimya. Kinakataa na kukwambia lugha ya mfumo ni tofauti na ya sasisho. Hakiharibu kitu, kinakupotezea muda tu.

Kisu_Butu
Nimetoka kuangalia. 040C. Kwa hiyo sina njia ya mkato 😅 Naenda Catalog. Je, nitafute "français" au namba tu?

Zuhura_K
Namba tu, mfano KB4012598. Chagua mstari wa XP SP3, bofya kupakua, litafunguka dirisha dogo lenye mafaili ya lugha zote, kila moja na jina la lugha yake. Nakili kiungo cha Kifaransa, kibandike kwenye XML mahali pa kile cha Kiingereza. Badilisha pia jina la faili kama orodha yako inaliandika peke yake, maana hapo ndipo watu husahau na programu ya kupakua inahifadhi faili la Kifaransa kwa jina la Kiingereza. Namba ya KB usiiguse, haibadiliki na lugha.

mzee_wa_seva
Ukishapakua, kwenye kompyuta mpya fungua PowerShell uandike Get-FileHash -Algorithm SHA1 kisha jina la faili. Jibu lilingane na mkia wa jina. Yasipolingana, faili limekatika njiani, lipakue upya kabla hujalitia kwenye flashi. Ndiyo faida pekee ya majina marefu yale, faili linabeba ushahidi wake.

bati_na_waya
Na kwenye orodha weka IE8 juu ya viraka vya IE8. Ukiwa na IE6 iliyokuja na mfumo, viraka vya IE8 vitagoma hata kama lugha ni sahihi, utadhani orodha ina kasoro.

Kisu_Butu
Sawa wakuu. Nagawa orodha mara mbili: yasiyo na lugha nayaacha, mengine nayafuata Catalog kwa KB. Nikimaliza naweka hapa XML ya Kifaransa, viungo tu bila mafaili, mwenye kuihitaji apakue mwenyewe akague mikia.