Wakuu, barakoa ipi inazuia harufu ya thina?

Fundi wa Ilazo: Heshima kwenu wakuu. Mimi seremala hapa Dodoma, napuliza vanishi kwenye vitanda na makabati. Mwezi wa pili huu macho yanawasha, koo linakereketa, vidole vimepasuka kama nyayo za mchunga ng'ombe kiangazi. Jana kizunguzungu kilinikalisha chini. Barakoa za enzi ya korona nimevaa mbili mbili, wapi. Nielekezeni iliyo nzuri na bei yake. Matusi sitaki.

Mwana Kibaigwa: Mtindi nusu lita kila ukimaliza kazi. Mzee wangu kapaka rangi miaka 20, siri yake ilikuwa hiyo.

Msasa 120: Mtindi unakwenda tumboni, mvuke uko mapafuni, watakutana wapi? Mkuu, hizo barakoa ni za vumbi. Tafuta ya mpira yenye vichujio viwili vya mkaa. Ukianza kusikia harufu ukiwa umeivaa, kichujio kimekwisha. Na acha kunawa mikono kwa thina, ndiyo inayokupasua vidole. Ikikurukia machoni, suuza na maji safi dakika 15. Sasa niambie, unapulizia wapi na thina unaiweka wapi?

Mama Ubuyu: Thina jamani! Mdogo wangu aliiweka kwenye chupa ya maji ya kunywa, mwanae akaibugia. Tukamtapisha kwa vidole. Daktari alitugombeza mpaka nikalia, kumbe ikipanda juu inaingia mapafuni ndiyo inaua. Mtoto alipona, ila mimi na wifi hatuongei mpaka leo.

Fundi wa Ilazo: Pole mama. Napulizia nje, chini ya turubai. Hiyo ya mpira bei gani?

Msasa 120: Nimeuliza mawili, umejibu moja.

Fundi wa Ilazo: Iko ndani. Ni pipa, lita 200, kwa jumla bei inashuka sana. Nje vibaka walishanibebea kompresa. Nimeliweka jikoni kwa muda tu na mfuniko upo.

Msasa 120: Jikoni mnapikia nini?

Fundi wa Ilazo: Mkaa. Lakini mke wangu anapikia mlangoni, na dirisha liko wazi. Miezi miwili hakuna kilichotokea. Ana mimba ya miezi 6, siwezi kumwambia akapikie juani.

Zabibu Chungu: Pipa jikoni Dodoma nilijua ni la mvinyo 😂

Msasa 120: Soma lebo ya hilo pipa. Thina nyingi zina tolueni, na tolueni inatoa mvuke wa kuwaka kuanzia nyuzi 4 tu. Dodoma hata usiku wa Julai hatufiki huko. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa karibu mara tatu, kwa hiyo dirisha halikusaidii. Unatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika mpaka ukute jiko, na moto unarudi kwa njia ile ile. Tena ukikinga kwa ndoo ya plastiki kwenye ukavu wetu huu, cheche ya umeme tuli inatosha. Chombo kiwe cha chuma, kiunganishwe na pipa kwa waya, na pipa liunganishwe na ardhi. Likiwaka usimwagie maji, yanausambaza moto. Tumia mtungi wa unga mkavu, ukishindwa kimbia na upige 114. Tolueni inashukiwa pia kumdhuru mtoto tumboni. Shemeji aende kliniki aseme anachovuta.

Stesheni ya Zuzu: Vijana mnapenda vya bei ya chee. Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, watu walikwenda kuchota mafuta ya bure, wakafa zaidi ya mia. Zamani tulisugua polishi kwa mkono na vitanda vipo hadi leo.

Fundi wa Ilazo: Mzee, yale yalikuwa petroli. Mimi nimenunua kwa hela yangu.

Chai Bila Sukari: Hii chai. Lita 200 za thina ni kilo 170 na ushee, bado pipa lenyewe. Limepitaje mlango wa jikoni la kupanga? Nani anaweka pipa jikoni na mke mjamzito? Mleta mada katunga, anatafuta wachangiaji.

Mwana Kibaigwa: Hata mimi nilianza kushtuka.

Msasa 120: Jamani, na mimi nimeandika gazeti zima!

Fundi wa Ilazo: Tulilishusha kwenye guta watu wanne, tukalibingirisha. Mnaniita mwongo wakati nina shida? Nawapigia picha sasa hivi.

[picha]

Chai Bila Sukari: Nafuta kauli. Ila hicho ulichochomeka kwenye tundu la pipa ni nini?

Fundi wa Ilazo: Tambara. Mfuniko ulipotea.

Msasa 120: Na wekundu ule nyuma ya pipa?

Fundi wa Ilazo: Maharage. Leo kulikuwa na upepo mlangoni. Yanakaribia kuiva.

Mama Ubuyu: Mwite mkeo atoke nje sasa hivi, baba. Maharage nitawanunulia mengine.