Kutafuta asteroidi kwa kompyuta ya dukani: kweli au utapeli? Niko Tanga

Shangazi_Ngamiani

Wakuu, habari za jioni. Nina duka la stesheneri hapa Ngamiani. Binti wa kaka yangu yuko kidato cha tatu, akitoka shule hupitia dukani, na siku hizi hana habari nyingine ila asteroidi, yale mawe yanayozunguka Jua. Anasema kuna wanasayansi Marekani wanaotoa picha za darubini, watu wa kawaida wanazipekua, na ukiona jiwe jipya linapewa jina la timu yako. Anataka nimwachie kompyuta jioni na nimwekee bando.

Mtoto anayeuliza mambo nampenda, sitaki kumvunja moyo. Lakini tumeshaona mengi: leo unajaza fomu, kesho unaombwa ada ya usajili. Mwenye kuijua kazi hii kwa vitendo anieleze. Kuna pesa inatoka? Lazima uwe na darubini? Na wanachokipata watoto kinatumika kweli, au wanapewa vyeti tu waridhike?

Fundi_Raskazone

Shikamoo shangazi. Ni kweli, na ni bure. Mimi ni fundi kompyuta, kazi hiyo naifanya usiku nikishafunga kibanda.

Bila shaka binti anazungumzia IASC (International Astronomical Search Collaboration), mpango aliouanzisha Patrick Miller wa Chuo Kikuu cha Hardin-Simmons, Texas, mwaka 2006. Picha wanazotoa ni za darubini ya Pan-STARRS iliyo juu ya mlima Haleakalā, Hawaii, yenye kioo cha upana wa mita 1.8. Nyinyi mnajisajili kama timu, mnapewa seti za picha, mnazishusha na kuzifungua kwa programu iitwayo Astrometrica. Inataka Windows, kwa hiyo simu iwekeni kando. Atakayewaomba ada, huyo si wao.

Sasa kazi yenyewe. Kila seti ina picha nne za kipande kilekile cha anga, zimepigwa kwa kupishana. Unazichezesha mfululizo. Nyota zinatulia palepale. Macho yakishazoea, utaona kinukta cha kijivu kinaruka hatua kwa hatua, mstari umenyooka, nafasi ni sawasawa. Hapo moyo unadunda, lakini usiandike kitu bado. Kwanza iambie programu ioneshe asteroidi zinazojulikana, maana mara nyingi hicho kinukta tayari kina jina lake au namba yake. Kikiwa hakina alama, kibofye. Litafunguka dirisha dogo lenye mchoro wa mwanga. Jiwe la kweli linachora kilima kilichotulia, kina miteremko pande zote mbili. Ukiona kitu chembamba kimesimama kama sindano, hiyo ni kasoro ya kamera au chembe ya miale ya anga iliyopiga kifaa. Rudia kwenye picha zote nne. Mwanga ukipanda na kushuka ovyo, au hatua moja ikienda upande, liache hilo.

Hapa ndipo vijana wengi wanapochoka, nami nawaomba wasichoke. Seti nyingine unaipekua kona zote na hakuna kipya. Ni kawaida, na mwenye subira ya kusema "hapa hakuna" anahitajika kuliko mwenye pupa ya kuripoti kila kinachomeremeta.

Kuhusu vyeti: vipo, lakini si mwisho wa habari. Vipimo vinavyokubalika vinapelekwa Minor Planet Center, Cambridge, Massachusetts, ambako dunia nzima inaweka kumbukumbu za mawe haya. Usiku mmoja hautoshi. Lazima jiwe lionekane tena usiku mwingine ndipo lipewe alama ya kushikilia kwa muda, yenye mwaka na herufi. Baada ya hapo linafuatiliwa kwa miaka mpaka njia yake ijulikane vizuri, ndipo linapata namba, na lenye namba ndilo linaloweza kupewa jina. Jina lenyewe lisizidi herufi 16, na lipite kwenye kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia. Binti aelezwe hilo mapema, asije akasubiri jina mwezi ujao.

Na mwambie jambo hili, mimi liliniliza nilipolisoma: juu huko kuna asteroidi iitwayo 1595 Tanga. Iligunduliwa kutoka Johannesburg mwaka 1930 na Cyril Jackson na Harry Edwin Wood, ikapewa jina la mji wetu huu. Iko kwenye ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Nani kati yetu alifundishwa hilo shuleni?

Mwl_Bagamoyo

Kwa wasio na kompyuta, nenda tovuti ya Zooniverse, kuna mradi wa Daily Minor Planet. Picha ni za Catalina Sky Survey ya Arizona. Unafungua kwenye kivinjari, unaangalia picha nne zikipokezana, unajibu kama kitu kinachosogea ni cha kweli. Hakuna programu ya kushusha. Wanafunzi wangu huanzia huko kabla ya kushika Astrometrica.

Pongwe_Kwetu

Hongereni, lakini mimi naona mnapoteza muda. Ile darubini mpya ya Vera Rubin kule Chile, picha za kwanza tu walizotoa Juni 2025 zilikuwa na asteroidi mpya 2,104. Mashine zimeshaimaliza kazi hii.

Fundi_Raskazone

Kaka, namba hiyo ni sahihi na mimi ilinifurahisha sana. Ila angalia mashine zinafundishwa na nani. Mwaka 2019 ulianzishwa mradi wa Hubble Asteroid Hunter. Watu wa kujitolea 11,482 walipitia picha za zamani za darubini ya Hubble, wakiweka alama kwenye michirizi iliyoachwa na asteroidi zilizokatiza. Alama zao ndizo zilizotumika kuifundisha kompyuta. Watu na mashine kwa pamoja wakapata michirizi 1,701, na zaidi ya 1,000 kati ya hiyo haikulingana na asteroidi yoyote inayojulikana. Zile picha zilikuwa zimekaa kwenye hifadhi miaka na miaka! Mtoto wa kidato cha tatu akijifunza leo kutofautisha jiwe na kasoro ya kamera, kesho yeye ndiye wa kuandika programu ya kufanya hivyo.

Shangazi_Ngamiani

Ahsanteni sana, nimetulia. Nimemsomea yote, na hiyo 1595 Tanga ameshaiandika kwenye daftari lake. Kompyuta nitampa kuanzia saa kumi na mbili, wateja wakipungua. Swali la mwisho, fundi: umeme ukikatika katikati? Na bando linaliwa muda wote?

Fundi_Raskazone

Bando linaliwa wakati wa kushusha seti, na tena Astrometrica inapovuta katalogi ya nyota ili ijue picha inaangalia wapi. Kuzichezesha na kuzipekua hakuhitaji intaneti. Umeme ukikatika, picha zipo, ila vipimo ambavyo hajavihifadhi vinaweza kupotea. Kwa hiyo kila akimaliza kitu kimoja anakili ripoti kwenye faili la maandishi na kuhifadhi. Kama kompyuta ni ya mezani na haina UPS (kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika), nitumie ujumbe wa faragha, nina moja imekaa tu kibandani.