Naomba ushauri: kushukuru na watoto wakati mambo yamebana

Shalom wapendwa. Nipo Moshi, nauza mitumba Kiboriloni. Tangu mume wangu apunguzwe kazini, sala ya jioni imekuwa ngumu. Juzi namalizia kushukuru kwa chakula, kitinda mimba wangu akauliza, "Mama, tunashukuru nini na ni makande tena?" Baba yake akacheka, mimi nikakosa jibu.

Paulo anatuagiza kushukuru kwa kila jambo, 1 Wathesalonike 5:18, nami naamini. Ila sitaki wanangu wajifunze kuigiza furaha mbele za Mungu (mbona Zaburi zimejaa vilio?).

Wenzangu wenye watoto, nyumbani mnafanyaje? Kila mtu anataja la kwake, au mzazi anaomba kwa niaba ya wote? Na ada ikidaiwa, mnawaambia ukweli kabla ya kusali?